Picha ya Ndege wa Asali

Juzi nilirudi Tabora kumzika shangazi. Baada ya matanga nikapanda gari niende kuuona msitu tulimokuwa tukipiga kambi. Ndugu yangu, msitu haupo. Kuna mashamba ya tumbaku, mabani ya kuikaushia, na visiki.

Baba alikuwa karani wa stesheni, tukikaa mtaa wa Cheyo. Kamera yake aliachiwa na Mzungu aliyeondoka baada ya uhuru. Wenzake wangepiga picha za harusi. Yeye alipiga ndege. Kila likizo ya kiangazi baba, mama na mimi tulifunga turubai, sufuria na michembe ya viazi vikavu, tukadandia lori la magogo, kisha tukaifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara mpaka kwenye kijito. Hapo waliishi mrina asali na mkewe, peke yao. Mkewe alinipa masega juu ya kipande cha gome, yakinuka moshi, na akanizoeza kulala bila kuogopa fisi. Baba akitaka kupiga picha alininong'oneza, "Usipumue. Ndege husikia pumzi kabla ya hatua."

Mwaka mmoja mrina alituonyesha ndege anayewaita watu kwenye asali. Tulimfuata asubuhi nzima, akiruka mti hadi mti, akipiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Mwishowe akatua juu ya mzinga, karibu kabisa na nyumba ya mrina. Baba akampata. Picha iliposafishwa, ndege alionekana vizuri, na nyuma yake paa, shamba la mihogo, na mke wa mrina ameinama na jembe.

Wakati huo watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikiimba nyimbo za ujamaa kwa moyo wote. Mwalimu alipotaka picha za nchi yetu za kubandika ukutani, nikaichomoa ile kwenye albamu bila kumwambia baba. Ikasifiwa. Siku moja akaja mgeni kutoka ofisi ya wilaya, akaitazama kwa muda mrefu.

"Pazuri. Ni wapi hapa, binti?"

Nikamweleza vyote: njia ya misafara, kijito, mizinga mitatu, kushoto. Nilijivuna kwamba mtu mzima ananisikiliza. Aliondoka na picha.

Kiangazi kilichofuata tulikuta majivu. Mizinga ilikuwa imeangushwa, imepasuka. Mama aliketi chini. Baba hakufungua hata mkoba wa kamera.

Tuliwapata katika kijiji kipya kando ya barabara kuu, kwenye nyumba isiyo na mti hata mmoja. Mke wa mrina alikuwa mgonjwa, amelala ndani. Nilipomwamkia mrina shikamoo, aliitikia marahaba bila kunitazama. Akaingia ndani, akatoka na ile picha, imekunjwakunjwa.

"Walikuja nayo mkononi," akamwambia baba. "Wakaiangusha pale walipochoma. Chukua mali yako."

Baba aliishika. Akanigeukia mara moja tu, na nikajua amejua. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, na niliomba asiseme.

"Nisamehe, mzee," baba akasema.

"Nilikukaribisha kama mdogo wangu," mrina akajibu. Akatufungia mlango.

Mkewe hakuivuka masika. Tulipeleka rambirambi, zikarudishwa. Baba hakupiga picha tena, na kuhusu siku ile hakunigombeza wala kunigusa, mpaka anafariki. Laiti angenichapa.

Watu wa rika langu hukaa barazani wakazikumbuka zama zile kwa utamu, jinsi tulivyoimba na kugawana. Nami nazikumbuka nyimbo hizo, hata beti zake. Lakini nilipokuwa msichana mkubwa nilipita kijiji kile mara nyingi, nikamwona mrina ameketi mlangoni, nami nikaongeza mwendo. Alikufa akimchukia baba yangu. Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja.