Ndege wa Kumhesabia Mama Saa

Mama yangu, Yusta, aliyelima viazi na kabichi kwenye miteremko ya Lushoto tangu usichana wake, alipoteza macho yote mawili mwaka juzi. Hakulia. Alichoogopa ni dawa ya presha: kidonge kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa mbili usiku. Mimi hushinda nikitengeneza matenga ya matunda, na siku moja nilimkuta ameanguka jikoni. Alikuwa amerudia dawa akidhani muda umefika.

"Sitaki kuulizia saa kwa wapita njia," aliniambia.

Ndiyo maana nilipoiona saa ile kwa Kristian, muuza vitu vya zamani sokoni, nilisimama. Ilikuwa kijumba cha mbao nyeusi chenye majani ya kuchonga, minyororo miwili na kimlango juu.

"Ndani kuna ndege," alisema Kristian. "Zamani aliita kila saa. Sasa ni bubu."

Nilimpa matenga kumi, nikaondoka nayo.

Sikuwahi kufungua saa maishani. Niliifungua polepole, kila skrubu nikiiweka juu ya gazeti kwa mpangilio niliozitoa nao. Vumbi na viota vya nyigu niliviondoa kwa unyoya uliochovywa mafuta ya taa. Magurudumu yakaanza kutembea, lakini sauti hakuna. Sauti ya ndege yule hutoka kwenye filimbi mbili za mbao, kila moja ina kiriba kidogo cha karatasi cha kuipulizia, na panya walikuwa wamevitafuna. Nilibandika karatasi ya daftari, ikakoroma tu. Hafidhi, muuza nyama, akanipa utando wa utumbo wa mbuzi. Niliuosha, nikauwamba, nikaubandika. Nilipoinua kiriba cha kwanza na kukiachia, nywele zilinisimama. Mbao na utumbo wa mbuzi vilikuwa vimesema.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, kimlango kilifunguka. Ndege akainama, akaita mara nane. Mama, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, akashika kifua.

"Saa nane? Mbona sijameza dawa?"

Nilinyong'onyea. Sisi wenye macho tunaona mshale kwenye nane na kusema mbili bila kufikiri. Asiyeona anapewa nane kama ilivyo. Nikaizungusha mishale taratibu, nikimwacha ndege amalize kuita kila ilipofika saa nyingine, hadi mshale mfupi ukafika kwenye mbili.

Kesho yake asubuhi Kristian alikuja kuiona. Alimwamkia Mama shikamoo, akaitazama mishale, akacheka hadi akaegemea mlango.

"Fundi, ndege wako kapotea saa sita nzima! Saa ya Wazungu hiyo, umeiharibu!"

Mama akauliza, "Mwanangu Kristian, sasa hivi saa ngapi?"

"Inagonga saa mbili, Mama."

Kimlango kikafunguka. Ndege akaita mara mbili, akarudi ndani.

Mama alinyoosha mkono mezani, akapapasa kikombe, kisha pakiti ya dawa. Mimi na Kristian tulisimama tukimtazama kama watu walio kanisani. Akameza kidonge kimoja, akanywa maji.

"Haya," alisema, "nendeni kazini."