Mchezo wa Forodha wa Mwalimu Amoit

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wewe unayeanza ualimu mwezi huu.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mpya. Nilifundisha katika shule moja ya udongo karibu na Angurai. Darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Amoit, mama kijana aliyekuja kazini na mtoto mgongoni. Wanafunzi wetu waliandika Kiingereza vizuri, lakini ukiwaambia waseme, wanainama. Amoit akabuni mchezo. Alipanga madawati yakawa forodha ya Malaba, mpakani na Uganda: mtoto mmoja afisa, wengine wasafiri wenye vikapu, na havuki mtu kabla ya kujieleza kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe nilimsaidia kukata pasi za karatasi.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Asio, msichana ambaye tangu Januari hatukuwa tumesikia sauti yake. Afisa akamuuliza amebeba nini. Asio akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba amebeba mbuzi watatu na mume mmoja mvivu. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka. Nilikuwa mlangoni nikitazama.

Ndipo mkaguzi wa shule akatokea nyuma yangu. "Mwalimu," akaniuliza, "hii kelele ndiyo masomo?"

Jibu nililijua. Lakini nafasi ya naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa wazi, na niliitamani mno. Nikasema, "Huyu mama anapenda michezo, bwana. Mimi darasa langu huwa kimya."

Kabla muhula haujaisha Amoit alihamishwa mbali, nami nikapewa darasa lake pamoja na cheo. Siku ya kuondoka alikuja kwangu. Hakupaza sauti.

"Mkaguzi alikuuliza wewe, si mimi," alisema. "Na wewe ulimsikia Asio."

Akaondoka, mtoto mgongoni.

Nilirudisha madawati kwenye mistari. Watoto wakaimba sentensi zangu nikiwaongoza, bila kujua wanasema nini. Asio akanyamaza tena, na mwaka uliofuata hakuja. Nilipokwenda kwao, baba yake aliniambia, "Mwalimu, anasema huko shule hakuna kitu yake." Nikageuza baiskeli.

Amoit nilimwandikia barua ya kuomba msamaha mara tatu. Sikutuma hata moja, na sasa hayupo tena duniani.

Basi nakwambia, mwanangu: mtoto hujifunza kusema lugha kwa kuisema, hata darasa likipiga kelele, hata akikosea na kucheka. Na ukimwona mwenzako anafanya kazi njema, mtetee mbele ya wakubwa siku hiyo hiyo, hata kama sauti inakutetemeka. Kile cheo nilistaafu nacho, na sikukifurahia hata siku moja.

Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao. Wanafunzi wako wakue wakiongea bila woga, nawe uishi uwasikie.