Binti Yangu Alihesabu kwa Kiarmenia

Sogea karibu nikueleze kitu kabla hujakicheka. Miruko mitatu si kurukaruka ovyo. Unakuja mbio, unaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo. Kutoka hapo unaruka tena, unatua kwa mguu wa pili, ndipo unajirusha mchangani. Wengi huharibu ule wa katikati, wanauharakisha kwa tamaa ya mchanga. Usijali, ukijifunza polepole utauweza.

Mimi mchezo huu niliujua nikiwa shule ya upili kule Kisii, na nilikuwa nimemwekea binti yangu akiba. Urithi mwingine sikuwa nao. Hata Kiswahili alikielewa tu, akinijibu kwa Kiingereza. Kisha ghorofa mbili juu yetu, hapa mtaa wa Flemingdon Park, Toronto, akahamia mwanamke mmoja Mwarmenia.

Alikuwa akiiwakilisha nchi yake katika miruko mitatu kwenye mashindano ya kimataifa. Majira ya baridi alifanya mazoezi hapa mjini, kwenye uwanja wa ndani, akiishi kwa shangazi yake. Theluji ikiyeyuka alipanda ndege kwenda kushindana Ulaya. Binti yangu alikutana naye kwenye lifti, na tangu siku hiyo hakuwa na stori nyingine. Jumamosi moja nilimkuta koridoni akiruka na kuhesabu: "Mek, yerku, yerek!"

"Hiyo ni lugha gani?"

"Kiarmenia," akanijibu, kwa Kiingereza.

Moja, mbili, tatu zangu, nilizomwimbia tangu akinyonya, hakuwahi kuzitamka. Nilirudi jikoni nikasonga ugali kwa hasira. Rafiki yangu wa kanisani, aliyekuwa mezani, akacheka.

"Mama wee! Mtoto ameshapata mama mwenye njumu. Wewe endelea na sufuria."

Miaka ile nilijua ratiba ya Mwarmenia kuliko kocha wake, maana aliposafiri mtoto alikuwa wangu. Sikumtakia kuumia. Nilimtakia safari ndefu tu. Lakini hata akiwa mbali alikuwa nyumbani kwetu, ndani ya kompyuta, amevaa rangi za bendera yake, na binti yangu amebana pumzi. Alipofika mashindano ya dunia alikanyaga kupita ubao wa kurukia mara mbili, miruko ikafutwa. Jaribio la tatu lilikuwa halali lakini fupi, akatolewa katika mchujo. Binti yangu alilia. Nami nikawaza: nikishindwa mimi, nani hulia?

Kisha goti likamshinda Mwarmenia. Alirudi na magongo, madaktari wamemwambia hataruka tena. Alibisha hodi, nikamwandalia chai kwa adabu zaidi kuliko upendo.

"Mwanao anaharibu mruko wa katikati," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mimi siwezi tena kumwonyesha. Mwonyeshe wewe. Kila siku ananiambia mama yake aliruka pekupeku, akatua kama paka."

Kila siku! Na mimi hajawahi kuniambia. Hata sifa zangu alizipeleka ghorofa ya juu.

Jumamosi tulishuka kwenye nyasi, sisi watatu. Nilivua viatu nikaruka, mzito lakini sahihi. Zamu ya binti ilipofika, Mwarmenia akaanza kumhesabia kutoka kwenye benchi, nami nikahesabu kwa sauti kubwa zaidi.

"Mnapiga kelele!" mtoto akalalamika, kisha akaja mbio.

"Mek!" akasema, akatua. Akapaa tena, safari hii bila haraka. "Mbili!" Akatua wima kabisa. "Yerek!"

Mwarmenia alipiga makofi. Mimi nilisimama na neno langu moja. La kwanza na la tatu bado ni ya Mwarmenia, na bado linaniuma hilo.

Na wewe, tafuta nyasi laini uvue viatu. Ruka kwa mguu wa kulia, utue kwa huohuo wa kulia. Ruka tena, utue kwa wa kushoto. Malizia kwa kutua na miguu yote miwili. Ukiwa hewani kwenye mruko wa katikati, usiharakishe: sema "mbili" kwa sauti, ndipo ushushe mguu.