Skrini Nne za Hadji

Kutoka Kisangani nilipanda malori, nikashuka, nikatembea nyuma ya baiskeli za wachuuzi wa mawese, nikapanda tena. Msitu haukuisha. Nilifika Butembo miguu imevimba, mfukoni nina bisibisi na cheti cha sekondari. Hadji mmoja mwenye malori aliniuliza kama ninajua kompyuta. Nikasema ndiyo.

Alikuwa ameleta kutoka Dubai kompyuta na skrini nne nzito, mbili juu na mbili chini, kwenye ukumbi wake wa kuonyesha mpira kule mtaani Bulengera. Ukumbi ule ndio uliomlisha tangu vita ilipozifunga barabara nyingi. Waya ulitoka kwenye kompyuta ukaingia skrini ya kwanza, ukapita ya pili, hadi ya mwisho. Niliipa kila moja namba yake. Nikiandika amri yenye namba ya tatu, ya tatu inawaka. Nikiweka sifuri zinatii zote, picha moja inatanda ukutani, na mguu wa mchezaji unakuwa mrefu kuliko mtu.

Lakini watazamaji walichezea vitufe.

"Fundi, funga ile mabouton," Hadji akasema. "Batu ya hapa banafinya kila kitu, hata mukate ya mwenzabo."

Nikatuma amri moja ya kuvifunga vitufe vyote. Tangu siku ile skrini hazikuwaka wala kuzimika ila kwa kompyuta.

Kisha askari wa Beni wakaja mchana, wakang'oa skrini moja kwa ajili ya komanda wao. Niliunganisha waya upya na tatu zikaendelea. Siku chache baadaye jeep yao ikarudi.

"Nani akangi yango?" askari akafoka kwa Lingala. Alimtaka aliyeifunga skrini ile, maana kwa komanda ilikataa kuwaka. Walitupakia mimi, Hadji na kompyuta.

Beni, nyumbani kwa komanda, nilichomeka waya, nikaandika, skrini ikawaka. Komanda akacheka; alidhani watu wa Butembo wameiroga.

"Kumbe si dawa ya Banande!"

"Mon commandant," Hadji akasema taratibu, "sasa tunaomba turudi na mashini, hii kompyuta. Zile tatu zimebaki hazifunguke bila hiyo."

"Na yangu? Kesho si itafunga tena?"

"Haifunge, chef," nikasema. "Nimeshafungua vitufe vyake."

"Njo vile unasema weye. Mashini inabaki."

Programu ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na diski zake hazikuja na mizigo ya Dubai. Barabarani Hadji aliniuliza mara moja tu.

"Hakuna namna ingine?"

"Hakuna, Hadji."

Alisimamisha lori la viazi linalokwenda Butembo. Akapanda, akasogea kuniachia nafasi. Niliiangalia ile nafasi; bila kompyuta sikuwa fundi wa chochote. Nilimwambia nitakuja kesho. Aligonga bodi kwa kiganja, dereva akaondoka.

Nikaenda kwa miguu hadi uwanja wa ndege wa Mavivi. Ndege ya mizigo ilikuwa inapakia magunia ya kahawa. Nikapanda. Rubani hakuuliza ninakwenda wapi, na mimi sikumuuliza anakoruka.