Figa la Susu Chini ya Tairi

Kanisani kwetu siku hizi nikiingia watu hunitazama mikono kwanza, waone kama nimebeba kitu, halafu ndio wananisalimia. Sitajitetea. Niliiba. Mimi, mama wa mtoto mmoja, niliyemaliza kidato cha nne na nikapita Biashara vizuri kuliko wavulana wote wa darasa letu, niliiba jiwe la mama mkwe wangu, nikalitumia wiki tatu, na siku niliyoshikwa walikuwepo waumini wote, mchungaji, kwaya mbili na jogoo wa sadaka. Afadhali myasikie kwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi.

Kwanza niseme hivi: kosa ni la bei za vitu. Nina gari kuukuu ya mizigo ambayo mimi na mume wangu Muthui tulinunua ikiwa tayari imechoka na maisha, na kazi yake ni kuteremka kutoka kwetu Kilungu mpaka soko la Malili imejaa avokado na machungwa. (Muthui ni fundi wa ujenzi Nairobi, kwa hivyo gari ni yangu, deni la gari ni langu, na mawaidha ya gari ndiyo yanatoka kwake kwa simu.) Gari ikilala siku mbili, mwenye avokado anatafuta mtu mwingine wa kumbebea, na karo ya Mutheu wangu inalala pia. Sasa hiyo gari inakula. Oili imepanda, tairi zimepanda, spea ukiulizia bei unaombwa ukae chini kwanza. Na bima nayo ikapanda, kana kwamba mimi ndiye niligonga watu wote waliogongwa Kenya nzima.

Halafu kuna ile bima ya nyumba. Mwaka jana upepo uling'oa mabati ya jiko la Susu, yaani mama mkwe, sote tunamwita Susu, yaani nyanya kwa lugha yetu, kwa sababu ndiye nyanya ya Mutheu, na kabla mabati hayajaokotwa yote shambani, Shemasi Mutisya, ambaye Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka na siku zingine anauza bima, alikuwa amefika na fomu. "Dada, hii inalinda nyumba na vyombo vyote vilivyo ndani ya boma," akaniambia, na mimi kwa uoga wa upepo nikatia sahihi.

Basi mwezi ule vitu vitatu vilikuja siku moja kama wageni waliopigiana simu. Bima ya gari imeisha, bima ya nyumba inadai, na handibreki imekufa. Makanika wa Malili alilala chini ya gari akatoka na waya mkononi, umekatika vipande viwili, akaniambia na hiyo "P" ya gia, ile ya kuegeshea, ni pambo tu, haishikilii chochote, ilikufa kitambo. Pesa nilizokuwa nazo zilitosha vitu viwili. Nikafikiria kama mtu aliyesoma. Polisi wa barabara kuu wanaangalia nini? Wanaangalia stika ya bima kwenye kioo. Kuna siku umesikia polisi amemwambia mtu, mama, hebu nionyeshe handibreki? Nikalipa bima zote mbili kwa Shemasi, na kwa handibreki nikamuuliza makanika nifanye nini.

"Tafuta jiwe zuri," akanijibu akicheka.

Yeye alikuwa anatania. Mimi niliandika moyoni.

Lakini jiwe zuri si rahisi kupata, hasa kwetu ambapo hata kuku akitaga juu ya mlima yai unalipata kwa jirani wa bondeni. La mviringo linabingirika pamoja na gari. Tofali lilivunjika siku ya kwanza, bahati nikiwa bado ndani. Hata kipande cha gogo kilitafunwa kama muwa. Ndipo siku moja naingia jiko la Susu kuazima chumvi, nikaona mafiga yake matatu yamekaa pale baridi, tangu Muthui amnunulie mtungi wa gesi hayajaona moto, na paka amelala katikati. Moja la upande wa mlango lilikuwa tambarare chini, na juu limelala mteremko hivi, utadhani lilichongwa kiwandani kwa sababu ya tairi yangu.

Sasa wewe ambaye hukuolewa huku kwetu, nikueleze. Figa la mwanamke si jiwe tu. Hayo matatu Susu aliletewa na mama mkwe wake wiki aliyoolewa, yametoka mtoni kwa mgongo, na mwanamke mwingine hagusi mafiga ya mwenzake, sembuse mke wa mtoto wake, maana ni kama kumwambia wewe kazi yako ya kupika imeisha, ondoka. Nilijua. Nilijua vizuri sana. Nikajiambia nitalirudisha Ijumaa. Nikalisugua masizi kwa sufi ya chuma, nikaliweka chini ya kiti cha dereva.

Ijumaa ilifika jiwe likiwa Malili.

Susu alipogundua, boma zima lilisimama. Na alijua mwizi papo hapo: Mama Kioko wa ng'ambo ya uzio, ambaye wamekuwa wakizozania mpaka tangu Muthui akiwa shule ya msingi. "Anataka nyumba yangu ife moto," Susu akasema, "nimemkosea nini huyu mwanamke?" Akahama benchi lake kanisani asikae karibu naye. Njiani akawa anampita Mama Kioko kama mti.

Na mimi? Nilimsaidia kutafuta. (Nasikia aibu hata nikiandika.) Nilitafuta nyuma ya ghala, nilitafuta chini ya kitanda chake na tochi, nikamwambia, "Susu, labda ni paka." Paka! Jiwe la kilo kumi!

Wiki tatu. Halafu ikaja Jumapili ya shukrani ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo watu huleta mazao, na mwenye chombo cha usafiri hukileta kikaombewe. Sikuwa na mpango wa kwenda na gari, ilikuwa imeshapakiwa makreti ya soko la Jumatatu, lakini Susu akasema gari inayolisha mjukuu wake haiwezi kukosa maombi, na ukweli nikaona hii ndiyo bima ya kwanza mwaka huu ambayo haijapanda bei. Kiwanja cha kanisa ni mteremko. Nikaegesha pua ikiangalia chini, nikaweka figa mbele ya tairi, nikafunika na majani kidogo, nikafunga milango yote (bima yangu hailipi wizi), na funguo nikatia kwa mkoba, na mkoba nikauacha ndani ya kanisa kwa kiti changu.

Mkifuata hesabu hapo, mnaona nilikuwa nimejifungia nje, mlango wa gari na wa mbinguni pia.

Mchungaji akaja, akaweka mkono juu ya paa la gari, akafumba macho. Watu wakashika gari kutoka kando na nyuma, kwaya ikashika wimbo, na ile kuyumba ya kuimba gari nayo ikawa inayumba, nyuma kidogo, mbele kidogo. Mimi nimeinamisha kichwa. Kila mtu amefumba macho isipokuwa Susu, ambaye haamini mtu yeyote karibu na kuku wake wa sadaka. Alikuwa amesimama kando ya tairi la mbele, pale majani yalipokuwa yanateleza kwa ile kuyumba.

"Bwana, gari hii si yetu, ni yako!"

"Amina!"

"Uishike usukani wewe mwenyewe!"

"Amina!"

Nikasikia sauti ndogo, "Ai," halafu, "Ivia yakwa!" yaani jiwe langu, na nilipofungua macho Susu ameshainama, amefagia majani, ameshika figa kwa mikono miwili, na yule ni mwanamke aliyebeba maji ya mlima huu miaka arobaini, gari ilipoyumba nyuma alivuta mara moja tu.

"Popote utakapoituma, iende!" mchungaji akasema.

Ikaenda.

Ilienda polepole kwanza, kwa heshima. Mchungaji hakufungua macho; nafikiri alidhani ni upako, maana alitembea nayo, mkono juu ya paa, anaombea matairi moja moja, halafu akawa anakimbia kidogo, halafu akaachwa. Nikashika mlango, umefungwa. Nikashika wa pili, umefungwa, na nani aliufunga? Nikakimbia kando ya dirisha nikiipigia kelele gari "Simama! Simama!" kama ni ng'ombe. Ikapita juu ya maboga, pah, pah, pah. Gunia la ndengu likapasuka. Jogoo akapaa juu ya bati la kanisa na hakuteremka mpaka jioni. Na mwisho, pale kwenye kona, ikalibusu tenki la maji la kanisa, tenki lililojazwa na mvua zote mbili za mwaka, likapasuka kutoka juu mpaka chini. Na sisi ni watu ambao maji tunayapima kwa sufuria.

Hakuna aliyeumia. Maji yakateremka kwenda kwa shamba la mtu ambaye hata si muumini.

Susu akateremka polepole, amekumbatia figa tumboni kama mtoto.

"Mama Mutheu. Hili lilikuwa linafanya nini chini ya gari?"

"Niliazima, Susu."

"Uliazima kwa nani? Kwa paka?"

Mama Kioko akatoka katikati ya watu, mikono kiunoni. "Wiki tatu! Wiki tatu mwanamke mzima ananipita kama mti, kumbe mwizi anakula kwake!" Akaniangalia. "Na wewe ulikuja kwangu kuulizia jiwe, ukanywa chai yangu!"

Ni kweli. Nilikunywa vikombe viwili.

Shemasi Mutisya akafika na kalamu. "Dada, usilie. Tenki ni mali ya mtu mwingine, bima ya gari italipa." Nikapumua. "Ila fomu ina swali moja hapa. Breki zote zilikuwa zinafanya kazi?"

Tenki zima lilikuwa kwenye jibu langu, na labda gari pia, maana pesa ya kulipa tenki ningeitoa wapi kama si kuuza gari? Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikamwona Susu ameniangalia, amegeuza tu lile figa upande uliobaki na masizi, upande ambao sikuusugua.

"Handibreki ilikuwa imekufa," nikasema.

Shemasi akafunga kalamu. "Basi hailipi."

"Ngoja," Susu akamwambia. "Na ile ya nyumba? Ulisema inalinda vyombo vya boma. Mtu akiibiwa figa, inalipa?"

Shemasi akafikiria, kweli akafikiria. "Inategemea mwizi, Susu. Akiwa analala ndani ya boma, hailipi."

Hapo kanisa lote lilicheka, mpaka mchungaji aliyepoteza kiatu kimoja.

Gari sikuiuza, lakini ilikuwa karibu. Fundi wa kanisa aliziba tenki kwa hesabu yangu, na kila Jumamosi nabeba mitungi kumi kutoka kijitoni mpaka mvua ije. Mama Kioko nilimpelekea kuku na majani ya chai. Na figa halirudi jikoni hivi hivi, lilirudi na mbuzi niliyemnunua mimi, si mambo ya kienyeji, Susu alisema, ni adabu tu. Waya wa handibreki, nilipoununua mwishowe, haukufika hata nusu ya bei ya mbuzi huyo. Muthui alipiga simu: "Si ungeniambia tu?" Nikamkatia.

Mbuzi alipikwa juu ya mafiga matatu, gesi ilizimwa. Susu akikoroga supu aliniambia bila kunitazama, "Haya yatakuwa yako siku nikifa. Yote matatu. Moja moja sitoi."

Nimeapa: kitu cha gari kikiharibika, kitatengenezwa kabla sijalipa stika ya mtu yeyote. Siku hizi nikiegesha navuta handibreki mpaka inalia. Na Susu, nikiwa nimempeleka sokoni, hushuka kwanza mikono mitupu, anainama, anaangalia chini ya tairi zote nne, ndipo anarudi kuchukua mkoba wake.