Zamu ya Opio

Vumbi likipata joto nyuma ya televisheni ya zamani hutoa harufu kama ya nywele zilizosogezwa karibu na moto. Nikiisikia harufu hiyo, hata sasa nikiwa na mvi kichwa kizima, narudi moja kwa moja kwenye ukumbi wa video wa mjomba wangu Oketcho, mjini Busia, upande wa Uganda. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta na moshi wake ukapenya hadi kwenye mabenchi. Mbele, juu ya meza moja, palikuwa na televisheni, deki ya video, na mashine ya gemu iliyovuka mpaka kutoka Kenya ndani ya robota la viatu vya mitumba. Kaseti ya gemu tulikuwa nayo moja tu. Kijitu chenye kaptura ya buluu kilikimbia, kikaruka mashimo, kikapanda ngazi za mawe, kikielekea kwenye ngome ambayo hakuna mtoto wa mji ule aliyewahi kuufikia mlango wake.

Mimi ni Odongo, na pacha wangu alikuwa Opio. Kwetu Padhola, anachopewa pacha mmoja hupewa na mwenzake. Mama alitugawia sahani mbili zilizo sawa, na hata muwa aliukata kwa kuupima na mkono wake. Likizo ile ya mvua alitutoa nyumbani Sop Sop tukamsaidie mjomba kufagia ukumbi, na mashine ikawa kama imetengenezwa kwa ajili yetu, maana ilikuwa na pedi mbili za vitufe vya kuchezea na wachezaji walipokezana. Kijitu cha mmoja kikianguka, zamu ilihamia kwa mwingine, akaendelea kutoka palepale. Opio ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini pedi ya kwanza niliinyakua mimi, naye hakugomba. Alicheza bila haraka. Kabla ya kila shimo alikiinamisha kijitu mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, ndipo akaruka. Siku moja mjomba aliunganisha mashine na deki akaurekodi mchezo wa Opio, awaonyeshe wateja. Akavunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu yake.

Kabla likizo haijaisha Opio akashikwa na homa. Walimpeleka hospitali ya Tororo, wakamrudisha amefunikwa blanketi hadi kichwani. Kwetu pacha hafi, wala haliliwi kwa mayowe, kwa maana wazee wanasema aliyebaki atamfuata mwenzake akisikia kilio. Tuliagizwa tuseme ametembea, yaani amekwenda kuwazuru watu. Alizikwa kimya, mvua ikipiga mabati, na mwanamke aliyeshindwa kujizuia alikwenda kulia nyuma ya migomba. Jioni hiyo Mama alipakua sahani mbili.

Niliporudi ukumbini, mjomba aliniambia, "Odongo, cheza tu. Lakini zamu ya mwenzako usiiguse." Basi kijitu changu kilipoanguka, niliweka pedi ya pili juu ya benchi, mahali alipozoea kukaa Opio, na kijitu chake kikatokea kwenye skrini kikasimama. Muziki ulizunguka palepale. Adui mmoja alikuja polepole kutoka kulia, kijitu kikimngoja, na watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wenyewe. Nakumbuka nilihisi baridi upande wangu wa kushoto tu, upande wa ile pedi.

Siku za soko Mama alikuja kutoka Sop Sop. Hatukuwa na picha ya Opio hata moja, kwa hiyo mjomba alimwekea ile kanda kabla wateja hawajaingia. Mama alikaa benchi la mbele, kitambaa kichwani, akamtazama mwanawe akiinama na kuruka. "Polepole, baba," alimwambia kila palipotokea shimo. "Hapo kuna maji. Polepole." Alipotoka nje alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusalimia.

Mimi nilikuwa na njaa nyingine. Wafula, kijana wa upande wa Kenya aliyeuza betri, alizoea kunichokoza.

"We Odongo, ngome umeiona wapi? Ndotoni?"

"Nitaifikia."

"Nyinyi watu wa huko mko na mdomo tu, boss. Nionyeshe kwa kanda, nitanyamaza."

Kwa zamu zangu peke yake sikuweza kufika. Nilihitaji na zile za Opio. Siku mjomba alipokwenda kutafuta petroli, nilitwaa pedi zote mbili. Kanda nyingine zote ukumbini zilikuwa za filamu za kukodisha. Isiyokuwa na mwenye kuidai ilikuwa ile. Nikabandika selotepu pale mjomba alipovunja plastiki, nikabonyeza kitufe chekundu cha deki. Kwa hiyo siwezi kusema mkono uliteleza. Nilicheza zamu yangu, nikacheza na ya mwenzangu. Pedi yake ilikuwa na joto, kama iliyoachwa sasa hivi. Nikaufikia mlango wa ngome. Wafula aliitazama kanda akapiga mluzi, akasema, "Haya, mzee, umeweza," akaenda zake kuuza betri. Sifa zangu zote ziliishia hapo.

Siku ya soko iliyofuata mjomba, asiyejua lolote, alimwekea Mama kanda. Kijitu kilikimbia, kikaruka bila kuinama. Mama hakusema polepole. Alitazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Huyu si Opio. Huyu ni wewe, mara mbili."

Mjomba aliitoa kanda, akaiona ile selotepu, akairudisha bila kunitazama. Tukaendelea kuangalia kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Mchezo wangu ulikuwa mfupi kuliko ule wa zamani. Ulipokwisha, skrini ilijaa chengachenga, na kutoka ndani yake Opio akatokea, kipande kidogo cha mwisho kilichosalia. Aliinama, akainama tena, akaruka, hakuufikia ukingo wa pili. Skrini ikawa nyeusi, na maneno ya Kiingereza yakatokea katikati.

"Wameandika nini?" Mama aliuliza. Hakujua kusoma.

Waliandika kwamba mchezo umekwisha. Ningemwambiaje mama wa pacha neno kama hilo?

"Wameandika zamu yake inakuja," nikasema.

Akakaa kuingoja. Kanda ilifika mwisho ikajirudisha yenyewe. Mjomba alitoka akazima jenereta, tukabaki gizani, na mbele yangu nilisikia pumzi za Mama, taratibu, za mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Jioni ile alinichukua hadi nyumbani, akapakua sahani mbili kama kawaida, akaziweka zote mbele yangu. "Kula na ya mwenzako," alisema. "Si umeshaanza." Alikaa karibu nami mpaka nikamaliza.

Majuto ni mjukuu, na mimi nina wajukuu wa kutosha. Binti yangu Akoth, fundi wa simu mjini Tororo, alinitafutia mashine ya aina ileile na televisheni yake yenye mgongo mrefu. Anasema kuna watu wengi duniani wanaopenda kuona gemu za kale zikichezwa kwenye mashine zenyewe, kwa hiyo hunirekodi na kuwatumia. Zamani kanda moja ilibeba kila tulichokuwa nacho. Leo kidude kidogo kuliko ukucha kinatunza kila shimo ninalotumbukia, hakuna haja ya kufuta kitu, na dakika chache ninazozitaka mimi hazimo humo. Hucheza zamu yangu. Ya pili ikifika naiweka pedi kitini, kijitu kinasimama mpaka adui akifikie.

"Baba, hapo nikate," Akoth huniambia. "Watu wanachoka kuangalia mtu asiyecheza."

Namwambia aache. Siku hizi hanibishii tena, ila nimeona kwamba zamu ile ikifika, huacha kutazama skrini akatazama kiti.