Kadi za Wino wa Kijivu

Kitu cha kwanza ambacho watu wa posta walikiona kwa Bi Sadae Kuwabara Novemba ile kilikuwa kidole chake cha shahada. Kilikuwa cheusi tii hadi kwenye kiungo, kana kwamba amekichovya katika masizi, na alikuwa amekisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Mama msafi kama yule, walinong'ona, amepatwa na nini?

Alikuwa amefiwa. Mumewe Shigeo, fundi wa makasi ya kupogolea miti, alifariki tarehe ishirini Oktoba. Mjini Sanjō, Japani, nyumba yenye msiba haitoi wala haipokei salamu za Mwaka Mpya. Kabla Disemba haijakolea, mfiwa huwatumia jamaa na marafiki kadi za kuomba radhi, na wino wa kadi hizo sharti uwe wa kijivu. Wazee husema mwandishi alisaga wino wake huku akilia, machozi yakauzimua.

Anwani zote za kutumia zilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu ya Shigeo, kwenye chumba cha nyuma. Bi Sadae aliihitaji moja tu kuliko zote: ya Yasuhiko, mwana wao wa pekee. Yasuhiko aliikataa karakana ya baba yake akaondoka, na Shigeo akasema jina lile lisitajwe tena mezani. Kwa miaka tisa halikutajwa. Namba yake ya simu ilikuwa imebadilika, na siku ya msiba mto wake wa kukalia ulibaki mtupu. Sasa mifupa ya Shigeo, iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, ingewekwa kaburini siku ya arobaini na tisa, tarehe saba Disemba, na mwanawe hajui hata kwamba baba yake amekufa. Lakini Shigeo hakuwa mtu wa kufuta kitu. Pengine anwani ya pale Yasuhiko alipohamia kwanza bado ilikuwamo.

Bahati mbaya, Bi Sadae aliiharibu kompyuta kwa adabu yake mwenyewe. Kila alipoiwasha, ujumbe ulitokea ukimwomba airuhusu kujisasisha. Shigeo siku zote alikuwa akibonyeza "Baadaye". Bi Sadae naye alikataa mara tatu. Mara ya nne aliona haya kumkatalia mtu anayeomba kwa upole namna ile, akainamisha kichwa kidogo, akabonyeza "Ndiyo". Asubuhi iliyofuata skrini ilikuwa giza tupu, na kishale kimoja cheupe katikati.

Alimwita Bwana Nezu, mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyekuwa mshindani wa Shigeo kwenye bao la shogi, sataranji ya Kijapani, kwa miaka thelathini.

"Shemeji, ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza ndiyo."

"Ndiyo! Ndio maana wauza magodoro hawakauki mlangoni kwako."

"Iliomba vizuri, Bwana Nezu. Ilisema tafadhali."

"Hata mwizi husema samahani akikukanyaga gizani."

Bi Sadae alicheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kucheka, akatazama picha ya marehemu.

Nezu aliizima na kuiwasha ile kompyuta mara tatu, mpaka ikakubali kuamka katika hali ya usalama, herufi zake kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza. Alieleza kwamba kila kifaa kina draiva, kijiprogramu kinachokitafsiria lugha ya kompyuta. Sasisho lilikuwa limeleta draiva mpya ya skrini, na mashine hii ya kizee haikuielewa.

"Ni kama kumletea bibi yangu mkalimani kutoka Tokyo," alisema. "Wote wawili watatoa macho tu."

Aliirudisha draiva ya zamani, akaiwasha kompyuta upya. Skrini ikang'aa. Programu ya kadi za Mwaka Mpya ikafunguka, majina yakajipanga kwa safu. Bi Sadae alisogea karibu.

Yasuhiko alikuwamo. Mbele ya kila jina kulikuwa na vijisanduku viwili kwa kila mwaka, kimoja cha kadi iliyotumwa na kingine cha iliyopokelewa. Kwa Yasuhiko, kile cha kutuma kilikuwa na alama kwa miaka yote tisa. Cha kupokea hakikuwa na hata moja. Anwani nayo ilikuwa imebadilishwa mara tatu: Sendai, Aomori, na sasa Hakodate.

"Alikuwa akimwandikia," alisema Bi Sadae. "Kila mwaka. Alizipata wapi anwani hizi?"

"Hata mimi hakuniambia. Mzee huyu, na mdomo wote ule!" Nezu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ilibaki printa. Baada ya sasisho, ilikuwa ikitumia draiva ya jumla isiyojua kijivu, kwa hiyo ilitoa weusi wa lami. Bi Sadae alidhani kosa ni la wino; Nezu alipokwenda dukani kidogo, akabadilisha katriji, kile kikopo cha wino, peke yake, na kidole chake kikashuhudia. Diski ya draiva yenyewe waliipata ndani ya kopo la vitafunio vya mchele.

"Usichomeke waya mpaka yenyewe iombe," Nezu alionya.

"Ikiomba, nibonyeze ndiyo?"

"Safari hii, ndiyo."

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Yasuhiko. Ilitoka polepole, kijivu laini kama moshi wa uvumba. Lakini chini, mahali pa mtumaji, palisomeka: Shigeo na Sadae Kuwabara.

"Ametangaza kifo chake mwenyewe!" Nezu aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo.

Bi Sadae alichagua jina la mumewe ili alifute. Kompyuta ikauliza: Una uhakika unataka kufuta jina hili?

Aliyezoea kusema ndiyo kwa kila aombaye, safari hii hakuweza. Kidole cheusi kilining'inia juu ya kibodi.

"Nikusaidie, shemeji?"

"Hapana. Ni mume wangu."

Akabonyeza. Kadi themanini na tatu zilitoka zikiwa na jina la Bi Sadae peke yake. Ile ya kwanza hakuitupa. Ilikuwa kadi ya kumi ya baba kwa mwanawe, na haikuwa haki yake kuizuia. Pembeni aliongeza kwa mkono: "Jumapili, tarehe saba. Saa nane mchana, hekaluni."

Kasisi wa hekalu alikuwa amepanga saa nne asubuhi. Bi Sadae alimwendea akapiga magoti, akamwomba asogeze. Treni ya alfajiri kutoka Hakodate, ukibadilisha Ōmiya, hufika kituo chao kabla ya saa saba.

Leo ni Jumamosi, tarehe sita. Sanduku la barua halina kitu. Bi Sadae ameanika ile mito ya kukalia kwenye jua hafifu, ukiwamo ule wa Yasuhiko, na kila baada ya muda anaugeuza ili upate joto pande zote.